Sura ya Tisa: Siku ya Kumwagiana Maji

Wakili wa ile kampuni alikuwa na sauti tamu, na hilo ndilo lililomtisha Araksi. Angekuwa mkali, angemwelewa; ukali alikuwa ameuzoea kwa baba yake. Lakini mwanamke huyu, Bi Lindqvist, aliuliza maswali taratibu, kama mtu anayemkata mtoto kucha.

"Bi Terzian, mashine ya Bwana Boyajian ilipata kutumika kwenye mwili wako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Sehemu gani ya mwili, tafadhali?"

Araksi alihisi masikio yake yakipata moto. Walikuwa katika ofisi ya mawakili, ushahidi ukichukuliwa kabla ya kesi kufika mahakamani. Pembeni kulikuwa na kamera juu ya miguu yake mitatu, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichapa kila neno linalotamkwa, hata kikohozi.

"Mapaja. Nyuma ya mapaja. Nilikuwa na vile vijishimo."

"Selulaiti."

"Sisi tunaita ganda la chungwa."

Upande wa pili wa meza, karibu na wakili wake, Zaven Boyajian aliinua macho. Walitazamana. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini katika muda huo Araksi aliiona gereji ile yenye harufu ya bati lililochomwa, akamwona Zaven amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kichwa cha mashine mkononi, akimuuliza kila mara, "Inauma? Niambie ukweli, inauma?" Na yeye akijibu kwamba haiumi, ingawa iliuma kidogo. Penzi lao lilianza hivyo. Wengine huanza kwa barua au kwa dansi. Wao walianza kwa mitetemo ya sauti inayopenya ngozi na kukata zile nyuzi zinazoivuta chini.

"Mlikuwa wawili tu mle gerejini?"

"Wawili tu."

"Mlango ulifungwa?"

"Ulifungwa."

Bwana Fuentes, wakili wa Zaven, alishusha pumzi. Mlango uliofungwa ulikuwa jambo jema. Zaven alikuwa ameishtaki kampuni ile kwa kuiga mashine yake, nayo kampuni ilikuwa imejibu kwamba hataza yake haina nguvu. Hataza ni ile haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mtu mwingine asimwibie alichobuni. Sheria yake haina huruma: mvumbuzi akishauweka uvumbuzi wake hadharani, ana mwaka mmoja tu wa kwenda kuomba. Mwaka ukipita, uvumbuzi ni wa kila mpita njia.

Bi Lindqvist aligeuza karatasi.

"Je, mashine ilipata kupelekwa kwenye saluni ya shangazi yako, Bi Satenik Terzian?"

Yule mwanamke wa kuchapa alisimamisha vidole.

"Ndiyo," alisema Araksi.

"Lini?"

"Siku ya Vardavar."

"Niwie radhi, hiyo ni sikukuu?"

"Ya kanisa letu la Kiarmenia. Mwezi wa Julai. Watu wanamwagiana maji. Mtoto anamwagia mzee, jirani anamwagia jirani, na hakuna ruhusa ya kukasirika."

"Inapendeza," alisema Bi Lindqvist, na kwa kweli alionekana kupendezwa. Akatazama saa yake. "Naona chakula kimefika. Tule kwanza. Tukirudi, tutazungumzia ilikuwa Julai ya mwaka gani."

Akatabasamu, akafunga kalamu yake.

*

Shangazi Satenik alikuwa amekaa kwenye sebule ya kungojea, mkoba mapajani, nywele zake nyekundu zimesimama kama moto wa kuni. Naye alikuwa ameitwa kutoa ushahidi, zamu yake ilikuwa baada ya Araksi. Hakuwa na imani na mikate ya ofisi za mawakili, kwa hiyo alikuja na chakula chake, mikate myembamba ya nyama iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha.

"Kula. Umekonda kama ufagio. Na mtu aliyekonda hazungumzii mapaja, watamwonea wivu."

"Shangazi, sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa? Nimesema kula." Akainama karibu, akashusha sauti, ingawa sauti ya Shangazi Satenik hata ikishushwa husikika mtaa wa pili. "Wameshauliza mwaka?"

"Bado."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nitafuata utakalosema. Ukisema mwaka ule, nami mwaka ule. Ukisema uliofuata, nami uliofuata. Mimi mzee, nina presha, nina sukari. Nikisahau, nani atanilaumu? Kusahau si dhambi."

"Na wengine? Binamu yako Anahid? Binti zake?"

"Anahid hajui hata leo ni Jumanne. Nimeshaongea nao wote. Wote wana presha." Alimpapasa shavu kwa mkono wenye pete nyingi. "Aliyetuuza ni yule mteja wangu, Karine, Mungu ampe upara. Anafanya kazi kliniki moja yenye mashine za kampuni hiyo, kaenda kujitapa kwamba yeye alitibiwa zamani kabla ya watu wote. Lakini Karine hakumbuki mwaka. Anakumbuka vituko tu. Kwa hiyo mwaka uko mdomoni mwako wewe."

Araksi aliutazama mkate ule wa nyama mkononi, akauona kama kitu cha kigeni.

Mlango wa ngazi ulifunguka kidogo. Zaven alisimama pale, akamwita kwa macho bila kusema neno. Shangazi alimwona.

"Nenda," alisema. "Mimi sijaona kitu. Nimeshaanza kusahau."

*

Kwenye ngazi palikuwa na joto, na dirisha moja dogo lililotazama milima ya Glendale, mji wao, iliyokauka na kuwa ya rangi ya mkate. Zaven alikuwa amefungua kifungo cha shingo. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega ya mtu wa kazi, lakini kesi ilikuwa imemla. Mashavu yalikuwa yamebonyea na chini ya macho palikuwa na weusi.

Hawakugusana. Kwa wiki nzima mawakili walikuwa wamewaambia wasionane, na sasa walipoonana hawakujua waanzie wapi.

"Umevaa hereni nilizokununulia," alisema Zaven.

"Sina nyingine."

"Unazo. Unazo zile za mama yako."

"Zile sikuthubutu kuzivaa leo."

Zaven aliinamisha kichwa. Alijua sababu. Wote wawili walijua, na ndiyo maana walizungumza habari za hereni.

Kabla ya Vardavar ile, Mzee Hagop, baba yake Araksi, alikuwa amekataa katakata. "Binti yangu haolewi na mpapasa mapaja," alisema mezani mbele ya wageni, na neno hilo likazunguka mji wote wa Waarmenia kuanzia kanisani hadi duka la mikate. Kwa desturi yao, mwanamume anayeposa huja na brandi nzuri, chokoleti na maua. Zaven alikuwa ameshazileta mara mbili, na mara mbili chupa ilikuwa imerudishwa haijafunguliwa. Basi siku ya kumwagiana maji, wanawake wa ukoo walipokusanyika kwenye saluni ya Shangazi Satenik kukausha nywele baada ya misa, Zaven alifika bila brandi wala maua. Alikuja amebeba sanduku la mashine kifuani, amevaa shati jeupe. Kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, aliwaletea kile alichokuwa nacho.

Kabla hajavuka kizingiti, Mama Verjine, mama yake Araksi, alichukua ndoo ya kuoshea nywele akammwagia yote. Zaven hakukimbia. Aligeuka, akainama juu ya sanduku, maji yote yakaishia mgongoni kwake. Shati likamganda. Wanawake walipiga vigelegele, na Mama Verjine, akiwa bado na ndoo mkononi, alicheka hadi akakaa chini.

"Mnamwona?" alisema. "Mwanamume anayekinga chombo chake cha kazi kwa mgongo, huyo atamkinga na mke."

Kisha ikawa furaha. Shangazi Satenik alikuwa wa kwanza kupanda kitandani na kuinua gauni, wengine wakafuata kwa zamu, wakipiga kelele, wakitaniana. Hakuna aliyeapishwa kutunza siri. Nani huwaapisha shangazi za mchumba wake? Na alipoondoka, Zaven aliiacha mashine palepale saluni, itumike kwa wateja, kama zawadi. Jioni ile Mzee Hagop alikubali posa, na hadi leo walikuwa bado wachumba.

Mama Verjine alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Na Zaven, aliyejua vyuma na mawimbi ya sauti lakini hakujua sheria, alipeleka ombi lake la hataza Septemba ya mwaka uliofuata, baada ya Vardavar nyingine kupita na ule mwaka mmoja wa sheria kuisha.

"Fuentes hajui," alisema Zaven. "Nimejaribu kumwambia, akaziba masikio. Akasema kuna mambo wakili akiyajua hawezi tena kukusaidia."

"Na mimi umekuja kuniambia nini?"

"Wewe unajua nimekuja kukuambia nini."

"Nataka nisikie."

Zaven aliegemea ukuta. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana.

"Kulikuwa na Vardavar mbili. Mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa pili pia tulikuwa saluni, pia watu walilowa. Sema ni wa pili. Neno moja tu, Araksi. Sikuombi zaidi."

"Mwaka wa pili tulivaa nguo nyeusi. Hatukumwagiana kitu. Wewe ulikaa na baba kimya mchana kutwa."

"Wao hawajui."

"Mama alikuwepo, Zaven."

"Najua alikuwepo."

"Ndiye aliyekumwagia."

"Najua nani alinimwagia!" Sauti ilimponyoka, ikapanda na ngazi juu, ikarudi. Akajifunika uso kwa viganja. "Unadhani mimi nimesahau? Mwanamke wa kwanza kwenye nyumba yenu aliyenitazama kama mtu. Unadhani naona raha kumtoa pale?"

Araksi alitaka kumshika. Mkono wake ulikuwa umeshainuka, akaurudisha.

"Wakiniangusha leo," alisema Zaven, "hawataniachia hata mlango wa karakana. Wale vijana wangu watatu wa kazi, nitawaambia nini? Baba yako alikubali kwa sababu ya mama yako, lakini alinyamaza kwa sababu ya hataza. Kaitundika ukutani na utepe wake mwekundu, anaonyesha kila mgeni. Ikifutwa, nitakuwa nani kwake? Mpapasa mapaja. Na wewe utakuwa mke wa mpapasa mapaja."

"Mimi ningekuwa mke wako hata ungekuwa muuza njugu."

"Leo unasema hivyo."

"Hata kesho."

Zaven alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile midomo yake ilitaka kutabasamu. "Unajua mama yako angefanya nini? Angekuwa kwenye kiti kile, angeapa kwa mikono yote miwili kwamba hajapata kuniona maishani mwake. Na angeomba soda baada ya hapo."

Araksi alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikaja na machozi, kwa sababu ilikuwa kweli. Mama Verjine aliwahi kumdanganya kasisi, mkusanya kodi, na daktari wake mwenyewe. Kwa wale aliowapenda hakuwa na ukweli wala uongo. Alikuwa na watu wake na watu wengine, basi.

Zaven alimfuta machozi kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa na kovu la kuungua, na Araksi alilijua kovu lile kama anavyojua njia ya nyumbani.

"Neno moja," alinong'ona Zaven.

"Sawa," alisema Araksi.

*

Na alikusudia. Msomaji asimdhanie vingine. Aliporudi kwenye kile kiti, mbele ya ile kamera, alikuwa ameshaamua kusema uongo, na moyo wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyekwisha kulipa nauli.

"Tuliishia siku ya Vardavar," alisema Bi Lindqvist. "Ni ya mwaka gani, Bi Terzian?"

Araksi aliutaja mwaka wa pili.

Aliutamka vizuri. Yule mwanamke akauchapa. Bwana Fuentes aliandika kitu kidogo pembeni mwa karatasi, na Zaven alifumba macho kama mtu anayeonja maji baridi.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Asante." Bi Lindqvist hakuonekana kuhuzunika. "Nani walikuwepo saluni?"

"Shangazi yangu. Binamu yake, Anahid. Binti za Anahid. Karine, mteja. Mimi."

"Na Bwana Boyajian."

"Na Zaven."

"Kuna jambo moja nimesimuliwa na Bi Karine ambalo limenivutia." Alivua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mwanamke wa kawaida, mwenye watoto labda, aliyechoka. "Anasema Bwana Boyajian alipofika mlangoni alimwagiwa ndoo nzima ya maji, naye akaikinga mashine kwa mgongo wake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nani alimmwagia?"

Lilikuwa swali dogo. Jibu lilikuwa limelala tayari ulimini: shangazi yangu. Nani angepinga? Shangazi Satenik angekubali kwa furaha, angeongeza na mbwembwe. Araksi alifungua mdomo kulisema.

Akamwona mama yake amekaa sakafuni kwenye saluni, miguu imenyooka kama ya mtoto, ndoo tupu mapajani, akicheka huku ameshika ubavu. Ubavu uleule uliokuwa na ugonjwa. Wakati ule walidhani anashika ubavu kwa kucheka. Ilikuwa mara ya mwisho Araksi kumsikia akicheka kwa sauti. Baada ya hapo zilikuja hospitali, na kicheko kikawa cha puani, kisha kikawa cha macho, kisha kikaisha. Kuutoa mwaka aliweza. Mwaka ni namba tu. Lakini sasa walikuwa wanamtaka aichukue ile ndoo kutoka mikononi mwa mama yake, ampe mtu mwingine, na yule mwanamke achape, na ibaki hivyo milele.

"Bi Terzian?"

"Shan..." alisema Araksi, akasita.

Zaven alifumbua macho.

Walitazamana tena juu ya meza. Safari hii haikuwa kufumba na kufumbua. Yote aliyowahi kumwambia yalikuwa katika yale macho, gereji na kovu na hereni, na ombi moja lililowekwa wazi kama mkono wa mtu anayezama. Naye Araksi alimpenda. Hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

"Mama yangu," alisema.

Bwana Fuentes aliweka kalamu chini.

"Mama yangu ndiye aliyemmwagia. Verjine Terzian. Alikuwa na ndoo ya kuoshea nywele."

"Mama yako alikuwepo," alisema Bi Lindqvist pole pole.

"Alikuwepo."

"Na mama yako yu hai?"

"Hapana."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Bi Terzian," Bwana Fuentes aliingilia, "kama unahitaji kupumzika kidogo..."

"Sihitaji. Naomba kurekebisha nililosema mwanzo." Sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake, kavu, iliyonyooka. "Haikuwa Vardavar ya mwaka wa pili. Ilikuwa ya kwanza. Mama alifariki Januari iliyofuata. Mwaka wa pili tulikuwa kwenye msiba."

Vidole vya mwanamke wa kuchapa vilikimbia, kisha vikatulia. Maji yakimwagika hayazoleki. Na haya yalikuwa yamemwagika mbele ya kamera.

Bi Lindqvist alivaa miwani yake. Hakufurahia, na Araksi alimchukia zaidi kwa kutofurahia.

"Sina maswali mengine," alisema.

*

Kwenye korido Bwana Fuentes alikuwa akizungumza na simu, mgongo umegeuzwa, akisema neno "mapatano" na neno "watatupa nini sasa." Shangazi Satenik alikuwa ameitwa ndani. Alipopita mbele ya Araksi alisimama, akamsoma uso.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, shangazi."

"Basi mimi nisahau nini tena," alisema shangazi, akashusha mabega, akaingia.

Walibaki Araksi na Zaven. Zaven alikuwa ameshafunga kifungo chake cha shingo. Alisogea, na Araksi alidhani atamkumbatia au atamtukana, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Ningeshindwa hata mimi," alisema Zaven. "Pale kwenye ndoo. Nilipoliona swali linakuja, nikajua utashindwa."

"Zaven, tuondoke. Twende gereji. Twende popote. Utaunda nyingine."

"Nyingine." Alilirudia neno kama la lugha asiyoijua. "Miaka saba, Araksi."

"Nilikuambia ningekuwa mke wako hata..."

"Uliniambia na lile neno moja pia. Kwenye ngazi. Ukaniambia sawa." Hakulisema kwa hasira, na ingekuwa heri angelisema kwa hasira. "Sikulaumu. Nisikilize vizuri, maana sitaki ukae ukidhani nakulaumu. Ulifanya haki. Lakini kila nitakapokutazama nitakuwa namwona mtu aliyefanya haki. Nitaishije na hilo? Nitakula nalo, nitalala nalo?"

"Utalizoea."

"Mama yako asingefanya."

"Mimi si mama yangu."

"Hapana," alisema Zaven. "Wewe si yeye."

Kisha alinyoosha mkono. Mwanzo Araksi hakuelewa. Mchana kutwa alikuwa akiona watu wakipeana mikono katika ofisi ile, mawakili na mawakili, mawakili na mashahidi, mkono mkavu, mara moja, basi. Zaven alikuwa amenyoosha mkono wake namna ileile. Mwanamume aliyeijua kila inchi ya ngozi yake, aliyempigia magoti kwenye saruji akimuuliza kama inauma, alikuwa anampa mkono wa kwaheri kama shahidi aliyemaliza kazi yake.

Aliupokea. Angefanya nini? Alikisikia kile kidole chenye kovu, kikampita kiganjani, kikaondoka.

Lifti ilifunguka, Zaven akaingia, ikajifunga.

*

Mzee Hagop alikuwa mezani jikoni alipofika nyumbani. Mbele yake palikuwa na kikombe kidogo cha kahawa iliyopoa na sahani ya aprikoti kavu ambazo hakuzigusa. Ukutani, kando ya picha ya Mama Verjine, ilining'inia nakala ya hataza yenye utepe wake mwekundu. Satenik alikuwa ameshapiga simu. Araksi alilijua hilo kwa jinsi baba yake alivyokuwa amekaa.

Alisubiri aanze. Nilikwambia. Mpapasa mapaja. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Mama yako," alisema Mzee Hagop, "alirudi siku ile viatu vimejaa maji. Akasimama hapo mlangoni, analowesha zulia langu. Akaniambia, Hagop, binti nimeshamtoa, usinifedheheshe. Nikamuuliza, umemtoa kwa nani, kwa yule? Akasema, nimemmwagia ndoo nzima na hakukimbia."

"Hukuwahi kuniambia, baba."

"Hukuwahi kuniuliza." Alikizungusha kikombe juu ya kisahani chake. "Walipokuita nilijua watauliza. Usiku kucha nimewaza, ukisema hakuwepo, basi ni nani aliyenikubalisha mimi? Ningekuwa nimekubali kwa maneno ya nani?"

Araksi alivuta kiti, akakaa. Alivua hereni, moja kisha nyingine, akaziweka kando ya sahani ya aprikoti. Simu yake ilikuwa mezani, uso juu. Haikuwaka.

"Atarudi, baba?"

Mzee yule aliinua macho, akaitazama picha ya mkewe.

"Alikuwa kijana mzuri," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu, na alimsifu kama asifiwavyo maiti.